Mwongozo kwa Mtu Mzima Anayetaka Kushiriki Ushangiliaji wa Mashindano

Wengi humfikiria mshangiliaji kuwa ni binti wa shule anayesimama pembeni mwa uwanja akipunga pomponi, yale mashada ya nyuzi za rangi yanayoshikwa mikononi, huku wengine wakicheza mpira. Picha hiyo ni finyu, na hata zamani haikuwa kamili. Kiongozi wa kwanza wa washangiliaji anayetajwa katika historia ya mchezo huu ni mwanamume, Johnny Campbell, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani, aliyeuongoza umati kupiga vifijo tarehe 2 Novemba 1898, na wanawake hawakuanza kupata nafasi hiyo chuoni hapo hadi miaka ya 1920. Ushangiliaji wa mashindano, ambao wengine huuita chialidingi, umekwenda mbali zaidi, kwa kuwa hakuna timu nyingine inayoshangiliwa. Washangiliaji wenyewe ndio wanaoshindana: hupanda jukwaani, hufanya onyesho la dakika mbili na nusu hivi lenye minyanyuo (yaani kumwinua mwenzao na kumsimamisha juu ya mikono yao), piramidi, sarakasi za sakafuni, miruko na dansi, kisha waamuzi huwapa alama. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ililitambua kwa muda shirikisho la dunia la mchezo huu, ICU, mwaka 2016, na ikalipa utambuzi kamili mwezi wa Julai 2021, ingawa mchezo wenyewe haujaingizwa katika ratiba ya Michezo ya Olimpiki.

Mtu mzima anayeanza kuuulizia mchezo huu huuliza kwanza kama umri umeshampita. Haujampita, kwa sababu yapo makundi ya mashindano yenye umri wa chini pekee, bila kikomo cha juu. Swali lenye uzito zaidi ni la muda. Mnyanyuo wa kawaida hufanywa na watu wanne, na mmoja asipofika mazoezini, watatu waliofika hawawezi kuufanya. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na ratiba, na miruko itafuata baadaye.

Hatua ya 1: Pima muda wako kabla ya kupima mwili wako

Chukua kalenda ya mwaka mzima na uandike kila jambo ambalo huwezi kulihamisha: zamu za kazi, mitihani, malezi ya watoto, safari za lazima, ibada na sherehe za familia. Nafasi zinazobaki ndizo utakazoupa mchezo. Timu ya mashindano ya watu wazima hufanya mazoezi mara moja hadi mara tatu kwa wiki, kila mara kwa saa mbili au zaidi, na wiki za mwisho kabla ya mashindano huongezewa vipindi. Msimu wa klabu nyingi huchukua karibu mwaka mzima, kuanzia majaribio ya kuchagua wachezaji hadi mashindano ya mwisho.

Ukigundua kwamba unaweza kufika mara moja tu kwa wiki, au kwamba kazi yako hukuita ghafla, usikate tamaa na wala usijidanganye. Tafuta timu ya nusu msimu, timu ya burudani inayoshindana mara moja au mbili kwa mwaka, au kikundi kidogo cha watu wanaoelewana kuhusu ratiba. Kinachoumiza timu ni mtu aliyeahidi siku tatu akafika moja. Onyesho hupangwa kwa kuhesabu mikono iliyopo, na mikono hiyo ikibadilika kila wiki, minyanyuo nayo hubadilika, na hapo ndipo watu huangushwa.

Hatua ya 2: Zijue njia zilizopo, kisha chagua moja

Njia ya kwanza na iliyo kubwa zaidi ni ya klabu binafsi za mashindano, zile zinazojulikana kama klabu za olsta. Klabu hizi haziko chini ya shule wala chuo. Hugawa timu kwa umri na kwa daraja la ujuzi, na mtu mzima huingia katika kundi huria, ambalo huweka umri wa chini tu. Umri huo wa chini huanzia katikati ya ujana na hutofautiana kwa daraja, kwa msimu na kwa shirikisho, kwa hiyo soma jedwali la umri la msimu unaokusudia kushindana badala ya kutegemea la mwaka uliopita. Kwa sababu hiyohiyo, usishangae ukijikuta katika timu moja na vijana ambao hawajafikisha miaka 18. Hilo ni la kawaida, na lina masharti yake: mashirikisho mengi humtaka mchezaji mtu mzima anayefanya mazoezi na watoto apitie mafunzo ya kuwalinda watoto na wakati mwingine achunguzwe rekodi zake. Kubali masharti hayo kwa moyo mkunjufu. Klabu isiyoyajali inapaswa kukutia wasiwasi.

Kilele cha njia hii ni mashindano ya dunia ya klabu, yaliyoanza mwaka 2004 na ambayo hufanyika Orlando, katika jimbo la Florida. Timu haijiandikishi tu na kwenda. Ni lazima kwanza ipate mwaliko kupitia mashindano yaliyoteuliwa kutoa mialiko hiyo. Mtu anayeanza leo hana haja ya kuifikiria Orlando, lakini ni vizuri ajue kwamba makundi huria ya watu wazima ni sehemu kamili ya mashindano hayo.

Njia ya pili ni ya vyuo. Aliyejiandikisha katika chuo kikuu, hata akiwa na miaka 35 na anasomea shahada ya pili, mara nyingi ana haki ya kujaribu kuingia timu ya chuo, mradi atimize masharti ya kuwa mwanafunzi, ambayo huweza kudai awe anasoma kwa muda wote. Ugumu hutofautiana sana. Nchini Marekani, timu kubwa za vyuo huchagua watu waliofanya sarakasi tangu utotoni na hushindana juu ya mikeka isiyo na springi, jambo linalovichosha vifundo vya miguu na viganja zaidi ya sakafu ya springi ya klabu. Nchini Uingereza, kwa upande mwingine, klabu nyingi za wanafunzi hupokea wanaoanza kabisa na huwa na timu ya daraja la chini kwa ajili yao. Kama uko chuoni sasa, anza hapo, kwa sababu utafundishwa pamoja na wageni wenzako.

Njia ya tatu ni ya watu wazima peke yao: timu za wakongwe, timu za burudani za jioni na timu za wazazi. Klabu nyingi huwa na timu ya wazazi ambao, baada ya miaka ya kukaa kwenye viti vya nyuma wakiwatazama watoto wao, huamua kujifunza onyesho fupi na kulionyesha siku ya mashindano bila kupewa nafasi katika msimamo. Wapo wanaolidharau jambo hili. Mimi naliona kuwa mlango bora kuliko mingine kwa mtu ambaye hajawahi kumbeba mwenzake, kwa sababu mafunzo ni ya polepole na hakuna alama za kukimbizana nazo. Baadhi ya waandaaji wana pia kundi rasmi la wakongwe lenye umri wa chini uliowekwa juu zaidi, na hapo alama huhesabiwa kama kawaida.

Njia ya nne ni ya upande wa dansi. ICU huendesha mashindano ya pomponi, hip hop na jazi, ambamo uzito uko kwenye usahihi wa mikono, mizunguko, miruko na kwenda pamoja kwa wachezaji. Hakuna anayerushwa hewani ili adakwe na kundi la chini yake kama ilivyo katika minyanyuo. Kuna pia mashindano ya watu wawili wawili, yenye onyesho lisilozidi dakika moja na nusu. Mwenye bega au goti lililowahi kuumia, au asiyependa kupandishwa juu wala kumbeba mtu, hapa ana mchezo kamili wa ushindani.

Njia ya tano ni ya vikundi vidogo. Mashindano mengi hupokea kikundi cha mnyanyuo mmoja cha watu wanne au watano, chenye onyesho la dakika moja hivi, au jozi ya watu wawili ikisaidiwa na mlinzi, yaani mtu anayekaa tayari kumdaka anayeanguka. Njia hii huwafaa marafiki wenye ratiba zinazofanana, lakini inadai ujuzi, kwa sababu macho yote ya waamuzi huelekezwa kwenye jambo moja tu.

Njia ya sita ni timu za watu wenye ulemavu, na timu mseto ambamo wenye ulemavu na wasio na ulemavu hushindana pamoja. ICU ina makundi yao katika mashindano ya dunia, na mashirikisho ya klabu yana makundi kama hayo. Kiti cha magurudumu huingia katika mnyanyuo na katika mpangilio wa jukwaa kama sehemu ya onyesho, na kocha mwenye mafunzo ya kazi hiyo ndiye wa kumtafuta.

Timu ya taifa haihitaji maelezo marefu kwa anayeanza. Nchi yenye shirikisho mwanachama wa ICU huchagua wachezaji wake kwa majaribio, huthibitisha uraia wao, na huunda timu ya watu 16 hadi 24. Onyesho lake huwa na sehemu ya maneno na vifijo inayofuatwa na sehemu ya muziki isiyozidi dakika mbili na nusu. Mchezaji anayefika huko kwa kawaida amepitia mojawapo ya njia zilizotangulia.

Hatua ya 3: Yaelewe madaraja, na uanze chini ya unapodhani unastahili

Klabu za olsta hutumia madaraja 7, na kila daraja lina orodha ya yale yanayoruhusiwa na yanayokatazwa. Katika daraja la 1, sarakasi ni kubingirika mbele na nyuma, kusimama kwa mikono na kuzunguka ubavuni kama gurudumu, na mpandaji husimama kwa miguu miwili kwenye usawa wa mabega ya wanaombeba. Daraja la 2 linaruhusu kujipindua kinyumenyume kwa kutua mikono kwanza, na kumnyanyua mpandaji aliyesimama kwa miguu miwili hadi mikono inyooke kabisa. Daraja la 3 huongeza kichwangomba cha hewani baada ya mbio, na mpandaji anaweza kusimama juu kwa mguu mmoja. Daraja la 4 huongeza kichwangomba cha hewani kutoka kusimama, kisha madaraja ya juu huongeza mizunguko ya mwili ikiwa hewani. Daraja la 7 ni la vijana wakubwa na watu wazima pekee.

Waamuzi hutoa alama kwa ugumu na kwa namna jambo lilivyotekelezwa, kisha hukata kwa kila anguko, kila mguso wa mkono sakafuni usiotakiwa, na kila kanuni iliyovunjwa. Timu ya daraja la 2 inayosimamisha minyanyuo yake yote bila kutetereka hutoka na alama nzuri, na watu wake hutoka wakiwa wazima. Timu iliyojisukuma hadi daraja la 4 kwa sababu wachezaji wawili wanajua vichwangomba huonekana kuhangaika tangu sekunde ya thelathini.

Mtego mkubwa humnasa mtu aliyewahi kucheza akiwa na miaka 16 na sasa anarudi akiwa na miaka 30. Akili yake bado inakumbuka jinsi ya kujipindua, ila misuli na mishipa ya viungo haikumbuki kwa kiasi hicho. Ukiwa wewe ndiye, omba kuanza daraja moja au mawili chini ya ulipoishia. Utapanda haraka kuliko anayeanza, na hutalazimika kukaa nje ya msimu kwa sababu ya fundo la mguu lililoteguka.

Uliza pia kama kuna makundi yasiyo na sarakasi za sakafuni. Yapo katika madaraja kadhaa ya makundi huria, na kwangu ndiyo nafasi bora kwa mtu mzima mwenye nguvu asiye na historia ya mazoezi ya viungo. Mwili mzima huchukua muda mrefu kujifunza kujipindua kwa usalama, huku kujifunza kubeba kunaweza kuzaa matunda ndani ya msimu mmoja.

Hatua ya 4: Tafuta nafasi yako ndani ya mnyanyuo

Mnyanyuo wa kawaida una wabebaji wawili, ambao wengine huwaita besi, mlinzi mmoja wa nyuma, na mpandaji, yule anayeitwa flaya. Mtu mzima anayeingia huwa ameshajipangia nafasi kichwani. Mwembamba hudhani lazima apande, mnene hudhani hakuna nafasi yake, na mrefu hudhani yeye ni wa kusimama nyuma milele. Dhana hizo zote zinahitaji kulegezwa.

Mbebaji huinua kwa miguu. Hukunja magoti huku mgongo ukiwa umenyooka, husukuma sakafu kwa nguvu, na mikono humalizia safari ambayo miguu imeianza. Mwenye mapaja na makalio yenye nguvu ana utajiri ambao timu nyingi zinautafuta, na umbo zito huwa faida chini ya mnyanyuo likiambatana na mazoezi. Kosa la kwanza la karibu kila mbebaji mpya ni kusimama mbali na mwenzake na kunyanyua mbele ya mwili. Uzito ukienda mbele ya vidole vya miguu, kiuno ndicho kinachoubeba.

Mlinzi wa nyuma hushika vifundo vya miguu au sehemu ya chini ya mapaja ya mpandaji, huchangia nguvu ya kuinua, na mara nyingi ndiye anayehesabu kwa sauti. Kazi yake kuu inaanza mambo yanapoharibika: ni yeye anayelinda kichwa, shingo na mabega ya anayeshuka. Urefu humsaidia, lakini utulivu humsaidia zaidi, na hapa mtu mzima ana la kutoa ambalo kijana wa miaka 15 bado hana. Asiyeondoa macho yake kwa mpandaji hata muziki unapopamba moto huwa nguzo ya timu.

Mpandaji huchaguliwa kwa uwezo wa kuubana mwili wake kuliko kwa wepesi wake kwenye mizani. Mwili uliobanwa tangu visigino hadi mabega hunyanyuka kama mti mmoja. Mwili uliolegea huwa mzito mikononi hata kama ni wa mtu mdogo. Yeye pia hujifunza kutoshuka hovyo. Akianza kuanguka, hubaki amejibana, huiweka mikono yake karibu na mwili, na huwaachia walio chini wamdake. Kuwashika wenzake shingoni au kuwatupia viwiko huwaumiza wao na yeye. Walio chini, kwa upande wao, hawakimbii kamwe mtu anaposhuka: humfuata aendako, humpokea juu iwezekanavyo na kukunja magoti wanapoupokea uzito.

Jaribu nafasi zote tatu kwa wiki chache za mwanzo kabla ya kuamua, kisha msikilize kocha.

Hatua ya 5: Uandae mwili kwa wiki 8 hadi 12

Mwenye maradhi ya moyo, shinikizo la damu, kifafa, mifupa dhaifu, upasuaji wa karibuni au ujauzito azungumze na daktari kabla ya jambo lolote. Asiye na hayo aanze kwa kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani hukipendekeza kwa kila mtu mzima, yaani dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya nguvu siku mbili au zaidi. Huo ni msingi tu, na mchezo huu unajengwa juu yake.

Fanya mazoezi ya kuchuchumaa ukiwa na uzito, kusukuma uzito juu ya kichwa, kujiegemeza kwa viwiko huku tumbo limebanwa, na kupanda kwenye kidato kwa mguu mmoja. Viganja na vifundo vya miguu vinahitaji uangalizi wa pekee, kwani ndivyo vinavyopokea mshtuko wa kwanza. Tembea kwa mikono na miguu, simama kwa vidole, simama kwa mguu mmoja ukiwa umefumba macho karibu na ukuta. Ongeza mzigo kidogo kidogo, kwa sababu misuli hupata nguvu mapema kuliko kano zinazoiunganisha na mifupa, na mtu hujihisi tayari wiki kadhaa kabla kano zake hazijawa tayari.

Pumzi nayo ina mazoezi yake. Dakika mbili na nusu za onyesho ni mbio fupi zinazorudiwa bila kituo, na wakati wa piramidi ya mwisho mapafu huwaka moto. Kukimbia polepole kwa saa nzima hakutoshi. Fanya sekunde 30 za kasi na sekunde 30 za kutembea, mara tano, pumzika dakika tatu, kisha rudia.

Hatua ya 6: Ikague klabu kwa macho yako

Omba kutazama mazoezi mara moja kabla ya kujiandikisha. Kaa kimya na uangalie jinsi mnyanyuo mpya unavyofundishwa. Kocha mzuri huuanzia chini, kwenye usawa wa sakafu, kisha magoti, kiuno, mabega na mwisho juu ya kichwa, na haongezi kimo hadi kile cha chini kitulie. Angalia kama kuna mlinzi wa ziada wakati wa kujifunza, kama mikeka imeungana bila mianya, na kama dari liko juu vya kutosha. Angalia pia mtu akiumia kunatokea nini: je, muziki unazimwa, au onyesho linaendelea kumzunguka?

Kisha uliza kwa heshima lakini bila kuzunguka. Kocha ana cheti cha daraja gani, na ameshawahi kuwafundisha watu wazima? Nani ana mafunzo ya huduma ya kwanza, na yuko hapa kila siku? Bima inamhusu mchezaji mwenye umri wangu? Timu ya watu wazima ina saa zake, au hupewa kona iliyobaki baada ya watoto? Swali hili la mwisho hukupa picha ya msimu mzima, kwa kuwa klabu ambayo watu wazima wake hufanya mazoezi usiku wa manane kwenye nusu ya sakafu bado haijaamua kama inawataka.

Hatua ya 7: Nenda kwenye majaribio

Majaribio ya timu za watu wazima mara nyingi ni mepesi kuliko yanavyoogopwa. Utaulizwa kuonyesha miruko michache, kufuata dansi fupi, kufanya sarakasi unazozimudu, na kujaribu mnyanyuo mmoja au miwili na watu usiowajua. Vaa nguo isiyoteleza wala kupwaya na viatu vyepesi vyenye soli laini, funga nywele, kata kucha, na uache nyumbani pete, hereni na bangili zote. Kanuni za mashindano hukataza vito pamoja na kutafuna kitu jukwaani, hivyo jizoeze mapema.

Fanya lile tu unaloliweza kwa usafi. Kocha akikuuliza kama unajua kujipindua na hujajipindua kwa miaka kumi, mwambie hivyohivyo. Anachokipima ni kama unasikiliza, kama unarekebisha ulipoambiwa, na kama unabaki chini ya mwenzako anapoyumba.

Hatua ya 8: Malizia makaratasi na bajeti

Omba orodha ya malipo yote ya msimu kwa maandishi kabla ya kutia saini. Ada ya mwezi ni sehemu tu. Kuna sare, viatu, ada ya uanachama wa shirikisho, bima, ada za kuingia mashindanoni, malipo ya mtunzi wa miondoko, muziki wenye kibali, na safari pamoja na malazi. Uliza pia utadaiwa nini ukiumia au ukiacha katikati, na kama kuna kipindi ambacho likizo haziruhusiwi.

Pale pasipo na klabu

Mahali ambapo hakuna timu ya watu wazima karibu, anza kwa kuzungumza na klabu ya watoto iliyopo. Wakipatikana watu wanane hadi kumi wenye nia, kocha wake anaweza kufungua kipindi cha jioni. Pale ambapo hakuna klabu yoyote, klabu ya mazoezi ya viungo au ya sarakasi inaweza kukupa sakafu, mikeka na mwalimu wa kujipindua, na shirikisho la taifa linaweza kukuelekeza kwa kocha anayetoa mafunzo ya minyanyuo kwa siku chache. Upande wa dansi unaweza kuuanza ukiwa na mwenzako mmoja na chumba chenye kioo.

Usijifunze minyanyuo kwa kuiga video uani au ufukweni. Video huonyesha mikono ilipo, lakini haionyeshi nani anahesabu, uzito umeegemea wapi, wala mpango wa kumshusha anayeteleza. Mtu akigonga kichwa, kisha akalalamika maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu au akachanganyikiwa, asirudi kwenye mazoezi siku hiyo hata akisema amepata nafuu. Aonwe na daktari, na arudi kwa ruhusa yake.

Hatua ya 9: Siku ya mashindano ya kwanza

Fika mapema na kitambulisho chako, kwa sababu umri huhakikiwa. Timu hupewa muda mfupi wa kupasha misuli moto, umegawanywa kati ya sarakasi na minyanyuo, na saa haimsubiri mtu, kwa hiyo kila kikundi kiwe kimekubaliana kitajaribu nini na mara ngapi. Kula chakula ulichokizoea saa mbili au tatu kabla, na kunywa maji kidogo kidogo.

Jukwaani, mnyanyuo ukianguka, mshusheni mpandaji salama kwanza, kisha ingieni kwenye hesabu inayofuata pamoja na wengine. Usijaribu kuurudia mnyanyuo ulioanguka wakati wenzako wameshahamia kwenye dansi, maana mtagongana. Mpandaji aliyeumia asimame au akae alipo, na kocha ndiye wa kuomba muziki usimamishwe.

Baada ya matokeo, mwombe kocha karatasi za alama na muisome pamoja kila sehemu: minyanyuo, piramidi, mirusho, sarakasi, miruko, dansi, makato. Tenga alama mlizokosa kwa sababu ugumu ulikuwa mdogo na zile mlizokosa kwa sababu mikono haikunyooka au watu hawakwenda pamoja. Kama nyingi ni za aina ya pili, bakini katika daraja hilohilo msimu ujao. Kama karibu zote ni za aina ya kwanza, na watu walewale wako tayari kufika siku zilezile, mwambie kocha kwamba mnataka kujaribu daraja linalofuata, na mwanze kulifundishwa kuanzia usawa wa sakafu.